Msomi Anaporudi, Akute Kazi Inamngoja



Kila mwaka vijana wetu wengi hukesha wakijaza fomu za kuomba ufadhili wa masomo ng'ambo. Huyu anaomba Chevening ya Uingereza, yule ufadhili wa Jumuiya ya Madola, mwingine Fulbright ya Marekani, DAAD ya Ujerumani, au nafasi zinazotolewa na serikali za China, Japani na India. Wanahangaika na barua za walimu, barua za waajiri, tafsiri za vyeti na mitihani ya lugha. Anayebahatika huagwa kwa furaha. Ndugu hukusanyika, kuku huchinjwa, dua husomwa, na picha ya uwanja wa ndege husambazwa kwa jamaa wote. Ni haki yake kufurahiwa, maana amepigania nafasi hiyo. Lakini katika shamrashamra zile, ni nadra kumsikia mtu akiuliza: huyu kijana akimaliza masomo na kurudi, atakuta nini hapa nyumbani?

Leo nataka tulizungumze swali hilo. Ninaamini kwa dhati kwamba ufadhili wa masomo ya nje unaweza kuijenga nchi, na historia yetu inao ushahidi. Lakini ushahidi huo huo unatuonyesha kwamba mambo mawili lazima yakutane. La kwanza, anayekwenda abebe shida ya nyumbani kama swali la kusomea. La pili, nyumbani kuwe na kazi na vitendea kazi vinavyomngoja. Likikosekana mojawapo, tutakuwa tumesomesha mtu, lakini nchi itakuwa haijanufaika inavyostahili.

Tuanze na reli. Ujenzi wa TAZARA ulianza mwaka 1970, reli ya kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi New Kapiri Mposhi nchini Zambia. China ilileta fedha, vyuma, wahandisi na mafundi kwa maelfu. Viongozi wa wakati ule hawakusubiri reli ikamilike ndipo wajiulize nani ataiendesha Wachina wakiondoka. Mwaka 1972, mataruma yakiwa bado yanatandikwa porini, vijana wapatao 200 wa Tanzania na Zambia walipelekwa Beijing, katika chuo cha reli cha Jiaotong ya Kaskazini. Walianza kwa kujifunza Kichina, kisha wakaingia darasani kusomea mambo ya reli: treni inavyopangiwa safari, injini inavyotunzwa, ishara zinavyofanya kazi. Walihitimu mwaka 1975, na mwaka uliofuata reli ikakabidhiwa rasmi kwa nchi zetu mbili.

Tazameni jinsi mambo yalivyopangwa. Kijana yule alipokuwa akihangaika na herufi za Kichina usiku wa baridi, alijua kuna reli inayomngoja. Mwalimu wake alijua anamfundisha mtu wa kufanya kazi gani, na wapi. Serikali nayo ilijua atakaporudi atapangiwa stesheni ipi au karakana ipi. Hakuhitaji kurudi na shahada yake akaanza kupita ofisi moja baada ya nyingine akiulizia nafasi.

Historia ya TAZARA ina somo la pili pia, na si vizuri kulificha. Miaka ilivyokwenda, reli ile ilikosa fedha, injini na vipuri, na mizigo ikapungua sana. Wahandisi walikuwapo, ujuzi ulikuwapo, lakini mhandisi hawezi kuendesha treni kwa shahada yake peke yake. Kwa hiyo tunaposema kazi inayomngoja msomi, tunasema pia habari ya bajeti, vifaa na uongozi unaomwezesha kufanya kazi aliyosomeshwa. Hayo hayamo katika fomu ya ufadhili. Ni juu yetu sisi wenyewe tuliomtuma.

Sasa twende Kenya, mwaka 1959. Tom Mboya, kiongozi kijana wa vyama vya wafanyakazi, ambaye mwenyewe alikuwa amepata nafasi ya kusoma Ruskin College mjini Oxford, aliona uhuru unakaribia na wasomi wa kushika nchi ni wachache mno. Serikali ya kikoloni haikuwa na haraka ya kuwaongeza. Mboya akaenda Marekani kuzungumza na vyuo na watu wenye moyo, akiwamo mchezaji wa besiboli Jackie Robinson na mwanamuziki Harry Belafonte. Septemba mwaka ule ndege ya kwanza iliwashusha New York wanafunzi 81. Mwaka 1960 mfuko wa familia ya Kennedy ukachangia dola 100,000 kwa ajili ya safari nyingine. Kufikia mwaka 1963 wanafunzi wapatao 800 walikuwa wamekwenda, wengi wao Wakenya, lakini wakiwamo pia vijana kutoka Uganda, Tanganyika na nchi nyingine jirani.

Watu wengi wakisimulia habari hiyo huwataja Wamarekani mashuhuri tu. Mimi napenda tuwakumbuke na wengine. Vyuo vilitoa nafasi za masomo, lakini mwanafunzi alihitaji fedha za kujikimu, nguo na mambo mengine mengi. Fedha hizo zilichangwa vijijini. Wazazi waliuza mbuzi na ng'ombe. Majirani walialikwa kwenye karamu za chai, wakatoa walichokuwa nacho ili mtoto wa mwenzao asafiri. Watu wale walikuwa na hakika kwamba wanamsomesha mtoto wa kijiji kizima. Kijana alipopanda ndege, alijua majina na sura za watu wanaomwia.

Deni la namna hiyo lina nguvu kuliko sharti lolote la mkataba. Siku hizi mfadhili hulipa kila kitu, nauli, ada na posho ya kila mwezi, na kwa upande mmoja hilo ni jema, kwa sababu mtoto wa maskini naye anaweza kwenda. Ila ni rahisi kwa mwanafunzi kudhani kwamba anawiwa shukrani na mfadhili peke yake. Akumbuke kwamba kabla mfadhili hajamwona, alifundishwa kusoma na mwalimu wa shule ya msingi anayelipwa kwa kodi ya muuza nyanya na mvuvi. Dawa aliyopewa utotoni, daraja alilolipita kwenda shule, vyote vililipiwa na wananchi ambao wengi wao hawatapanda ndege maishani mwao.

Miongoni mwa waliokwenda Marekani mwaka 1960 alikuwamo msichana kutoka Nyeri, ambaye baadaye dunia ilimjua kwa jina la Wangari Maathai. Alisoma biolojia katika chuo cha Mount St. Scholastica huko Kansas, akapata shahada yake mwaka 1964, kisha akaenda Pittsburgh kwa shahada ya uzamili. Mwanzoni mwa mwaka 1966 alirudi nyumbani akiwa na barua mkononi ya kumwahidi kazi ya utafiti. Alipofika, aliambiwa nafasi ile amepewa mtu mwingine. Yeye mwenyewe alieleza baadaye kwamba aliona sababu ni kabila lake na kuwa kwake mwanamke.

Fikirini, wasikilizaji. Mtu amesomeshwa kwa jasho la wanakijiji na kwa fedha za watu wa mbali, amekataa kubaki ughaibuni, amerudi kwa hiari yake, na mlango anafungiwa na watu wa nyumbani. Bahati nzuri, mwanasayansi mmoja Mjerumani, Profesa Reinhold Hofmann, alimpa kazi katika idara ya anatomia ya mifugo mjini Nairobi. Kwa njia hiyo alipata pia nafasi ya kwenda kufanya utafiti Ujerumani, na mwaka 1971 akapata shahada ya uzamivu mjini Nairobi, mwanamke wa kwanza kuipata katika Afrika Mashariki na Kati. Tunamshukuru profesa yule. Lakini nchi haiwezi kutegemea bahati. Kwa kila Wangari aliyepata mtu wa kumfungulia mlango wa pili, wapo waliokata tamaa wakafunga mizigo yao na kurudi walikotoka.

Wangari hakuishia maabara. Katika utafiti wake kuhusu kupe na ugonjwa wa ndigana kali, alikwenda vijijini kukusanya kupe kutoka kwenye ng'ombe. Huko aliona mambo ambayo hayakuwa sehemu ya utafiti wake: mito imejaa tope, ng'ombe wamekonda, misitu imekatwa ili kupisha mashamba ya biashara. Akawasikiliza wanawake wakilalamikia kuni, maji na chakula. Mwanabiolojia aliyesomea Kansas, Pittsburgh na Ujerumani akaunganisha hayo yote na kuona kwamba kinachomtesa ng'ombe na kinachomtesa mama ni kile kile: ardhi imevuliwa miti. Mwaka 1977 akaanzisha harakati za Ukanda wa Kijani kwa kupanda miti saba mjini Nairobi. Kufikia mwaka 2004, alipopewa Tuzo ya Nobel ya Amani, wanawake wa vijijini walikuwa wamepanda miti zaidi ya milioni 30.

Elimu ya nje ilimpa jicho la kisayansi, lakini swali lilitoka kwa wanawake waliokosa kuni. Angerudi akajifungia na vitabu vyake, angekuwa msomi mzuri, na misitu ingeendelea kwisha. Na wale wanawake nao, pamoja na kuijua shida yao kuliko mtu yeyote, walihitaji mtu wa kuwaonyesha uhusiano wa mambo na wa kuwasemea mbele ya wakubwa. Huo ndio utumishi ninaouzungumzia: msomi kuketi na wenye shida na kufanya nao kazi.

Huenda msikilizaji mmoja atauliza, je, tuwasomeshe nje wahandisi na wanasayansi peke yao? Hapana. Mwaka 1949 mwalimu mmoja wa Tabora, kijana wa Butiama, alikwenda Edinburgh kwa ufadhili wa serikali ya kikoloni. Julius Nyerere alisoma huko historia, uchumi, sheria za katiba na mengineyo, akahitimu mwaka 1952. Alirudi akafundisha Pugu, na tarehe 7 Julai 1954 akachaguliwa kukiongoza chama cha TANU kilipozaliwa. Watawala waliomlipia masomo walitarajia kupata mwalimu mwenye shahada. Tanganyika ikapata mtu aliyezielewa sheria za watawala wenyewe na kuweza kusimama Umoja wa Mataifa kudai uhuru kwa hoja. Mwalimu alikwenda Edinburgh akiwa tayari na swali moyoni kuhusu hali ya watu wake, na masomo yale yakampa nafasi ya kulifikiri kwa utulivu. Kwa hiyo mtu wa sheria, wa historia, wa lugha na wa sanaa naye apewe nafasi. Tusimwulize somo lake litaingiza shilingi ngapi. Tumwulize anabeba shida gani ya watu wake.

Tuje sasa katika siku zetu, tuzungumze habari za moyo. Kwa miaka mingi mtoto wa Kitanzania aliyezaliwa na tundu kwenye moyo alitegemea kupelekwa India au kwingineko, kama familia ilibahatika. Shirika la Save a Child's Heart la Israel lilikuwa likiwatibu watoto wetu huko Holon. Likaona kwamba kusafirisha wagonjwa mmoja mmoja hakutamaliza tatizo, likamchukua daktari Mtanzania kutoka hospitali ya Bugando, Mwanza, likamfunza upasuaji wa moyo wa watoto kwa miaka kadhaa. Alirudi kuwahudumia watoto hapa hapa. Wakati huo nchi ilikuwa ikijenga huduma ya moyo katika hospitali ya Muhimbili, ambayo leo ni Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete.

Daktari wa upasuaji wa moyo hawezi kufanya kazi peke yake hata awe hodari kiasi gani. Anahitaji daktari wa usingizi aliyezoea mioyo ya watoto. Anahitaji mtaalamu wa kuendesha mashine inayofanya kazi ya moyo na mapafu wakati moyo umesimamishwa. Anahitaji wauguzi wa chumba cha wagonjwa mahututi wanaojua saa za mwanzo baada ya upasuaji ndizo za hatari. Akikosekana mmoja wa hao, mtoto halazwi mezani. Ndiyo maana tunapopanga ufadhili wa fani za namna hii, tupange timu nzima. Kumpeleka daktari na kumsahau muuguzi ni kupoteza fedha na, kibaya zaidi, ni kupoteza watoto.

Ipo njia nyingine ya kusomesha ambayo haisemwi sana redioni, nayo imetusaidia mno. Wenyewe vyuoni huiita mtindo wa sandwichi. Kwa miaka mingi Sweden imewafadhili wahadhiri wa vyuo vyetu kusoma uzamivu kwa kwenda na kurudi. Mhadhiri anakaa miezi kadhaa huko, anatumia maabara na maktaba, anakutana na wasimamizi wake. Kisha anarudi nyumbani kukusanya takwimu na sampuli za utafiti wake, anakwenda tena, anarudi tena. Faida yake ni wazi. Utafiti unahusu udongo wetu, maji yetu, magonjwa yetu. Mwajiri hamsahau, familia haivunjiki kwa urahisi, na siku anapohitimu hahitaji kurudi, kwa sababu hakuwahi kuondoka moja kwa moja.

Lakini lazima tuwazungumzie na wale wasiorudi. Wafadhili wengine wameweka masharti. Anayesoma kwa Chevening hutakiwa kurudi nchini mwake kwa miaka miwili. Marekani nayo ina sharti la miaka miwili kwa wengi wanaosoma kwa fedha za serikali. Hata waajiri wetu wa umma humtaka mtumishi asaini mkataba kwamba akimaliza masomo atatumikia muda fulani. Masharti hayo yana maana, na mtu aliyeyasaini ayaheshimu. Hata hivyo, sheria inaweza kumrudisha mtu ofisini, lakini haiwezi kumlazimisha aitumie elimu yake.

Na wengi wenu mnajua kinachotokea ofisini. Mtumishi anarudi na shahada mpya, anakuta hakuna aliyejiandaa kwa ujio wake. Amesomea usimamizi wa maji chini ya ardhi, anapewa mafaili ya vikao. Amesomea uchambuzi wa takwimu za afya, anaambiwa asubiri kompyuta katika bajeti ya mwaka ujao. Akitoa wazo, mkubwa wake analiona kama kiburi cha Ulaya. Kupandishwa daraja kunachukua miaka, na posho ya safari ina uzito kuliko ujuzi. Mtu huyo, siku muda wake wa mkataba ukiisha, akiandika barua ya kuacha kazi, tutamlaumu yeye peke yake?

Wapo pia waliobaki ughaibuni na bado wanaisaidia nchi. Wanatuma fedha za ada na matibabu, wanafundisha kwa njia ya mtandao, wanawaunganisha wadogo zao na vyuo. Tusiwaite wasaliti. Lakini tusijidanganye kwamba fedha zinazotumwa zinaweza kuchukua nafasi ya daktari aliyepo wodini saa nane usiku. Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Tukitaka wacheze kwao, basi sisi tulio nyumbani tuwe tayari kuwatunza.

Namalizia kwa kusema na makundi manne.

Wewe kijana unayejaza fomu sasa hivi, kabla hujaandika sababu za kuomba, nenda kwanza kwa watu wanaosumbuliwa na jambo unalotaka kulisomea. Kama ni kilimo, nenda kwa wakulima wa korosho au mpunga ukawasikilize. Kama ni afya, kaa siku moja kwenye benchi la zahanati. Ukifika ng'ambo, chagua utafiti unaohusu kwenu, na usikate mawasiliano na ofisi yako na walimu wako.

Ninyi waajiri, mnaposaini ruhusa ya masomo, andikeni siku hiyo hiyo mtumishi huyo atakuja kufanya kazi gani, na kwa vifaa gani. Mwandikieni angali masomoni. Akirudi, mpeni nafasi ya kuwafundisha wenzake aliyojifunza.

Kwa serikali zetu, naomba tuseme wazi ni fani zipi zina upungufu na wapi, ili nafasi tunazopewa na nchi rafiki zijaze mapengo hayo. Orodha hiyo itangazwe hata Kigoma na Lindi wasikie, si kwa wale walio karibu na wizara tu. Na nafasi zigawiwe kwa haki, maana nafasi iliyotolewa kwa kujuana huwanyima wananchi mtumishi wao.

Nanyi wazazi na majirani, endeleeni kuchinja kuku siku ya kuaga. Lakini kijana akirudi, msimpime kwa gari alilokuja nalo wala kwa zawadi alizoleta. Mwulizeni amejifunza nini, na nini kati ya hayo kinaweza kufanyika hapa. Mkimwuliza hivyo, atajua kwamba mlikuwa mnamngoja kwa ajili ya kazi, na ataifanya.